Nimechaguliwa Kusoma Shahada ya Sanaa, Lakini Kalamu Inanigomea Kwenye Fomu ya Masharti

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 21, mkazi wa Uyole hapa Mbeya, na mwaka huu nimehitimu kidato cha sita katika tahasusi ya HKL. Nilipata C ya Historia, C ya Kiswahili na D ya Kiingereza. Wakati wa kuomba udahili niliomba kozi mbili katika vyuo viwili: shahada ya sanaa na ubunifu katika chuo kikuu kilicho mbali na mkoa wetu, na shahada ya ualimu katika chuo kimoja cha Iringa. Nilichaguliwa kote kuwili. Ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha ulipoingia kwenye simu yangu, nilijua kwamba natakiwa kuchagua chuo kimoja tu, nami nikathibitisha sanaa usiku huohuo bila kumshirikisha baba. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu linanisumbua, na sitaki unishauri ukidhani kwamba mimi ndiye niliyekosewa peke yangu.

Bibi yangu mzaa mama ni Mkisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, na ni mfinyanzi tangu kabla mama hajazaliwa. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwake kila likizo. Amenifundisha kukanda udongo, kuuinua mtungi kwa mikono bila gurudumu, kuusugua kwa kokoto hadi ung'ae, na kuuchora mabegani kabla ya kuchomwa. Nilipofika sekondari nilianza kuihamisha michoro ile kwenye karatasi, kisha kwenye kanvasi, nikiikuza na kuichanganya na mambo yangu mwenyewe. Kazi hizo ndizo nilizozikusanya kwenye jalada nililoambatanisha na maombi yangu, na naamini ndizo zilizofanya nichaguliwe.

Baba yangu ni mkulima wa viazi mviringo huko Uporoto. Alipojua kwamba nimethibitisha sanaa, hakupiga kelele. Alikaa kimya siku mbili, kisha akasema, "Mfinyanzi hulia gaeni. Hilo sikusimuliwa, nimeliona kwa mama mkwe wangu." Ili apate fedha ya kuanzia, aliuza viazi mapema, kabla bei haijapanda, kwa magunia ya lumbesa ambayo mnunuzi hulipa kama gunia moja la kawaida. Nimeshaomba mkopo wa Bodi, lakini majibu hayajatoka.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Chuo kimenitumia maelekezo ya kujiunga pamoja na fomu ya kurasa nne yenye masharti na vigezo, ambayo natakiwa kuisaini mimi, na mzazi au mlezi aisaini kama mdhamini wa ada. Nimeisoma mara nyingi. Kifungu cha nne kinasema ada ikishalipwa hairudishwi baada ya wiki ya pili ya muhula. Kifungu cha sita kinasema rangi, brashi, kanvasi, udongo na vifaa vyote vya karakana ni juu ya mwanafunzi. Kifungu cha saba kinasema chuo kinaweza kubadilisha au kuondoa somo lolote iwapo wanafunzi hawatoshi. Halafu kuna kifungu cha tisa, nami nakinukuu kama kilivyo: "Kazi zote zitakazofanywa na mwanafunzi kwa ajili ya masomo zitakuwa mali ya chuo, na chuo kinaweza kuzihifadhi, kuzionyesha, kuzichapisha na kuzitumia kwa namna kitakavyoona inafaa." Nilipiga simu kuuliza maana yake. Aliyepokea aliniambia, "Dada, saini tu, kila mtu anasaini," akakata.

Nilikwenda Ikombe kumuaga bibi, nikamweleza kuhusu kifungu hicho. Aliniuliza, "Kwa hiyo ukichora vitu vyetu kule, vitakuwa vyao?" Sikuwa na jibu. Akasema michoro ile si yake peke yake, ni ya wanawake wa pale, wengine wameshakufa, na yeye hawezi kunipa ruhusa ya kuigawa.

Baba kwa upande wake amesema atasaini udhamini kwa sharti moja: kwanza nimwandikie kwa mkono wangu karatasi ya kuahidi kwamba nikimaliza mwaka wa kwanza nitahamia ualimu. Kaka yangu, aliyeajiriwa Makambako, anaona nisihangaike. Anasema yeye atasaini kwenye nafasi ya "mlezi", ada tutaichanga, na baba ataambiwa baadaye. Zimebaki wiki tatu chuo kifunguliwe. Je, nisaini kifungu cha tisa na kuyaweka maneno ya bibi kando? Nimwandikie baba ahadi nisiyokusudia kuitimiza? Au nikubali msaada wa kaka?

Ni mimi, Binti wa Uyole.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pamoja, pale ulipokiri kwamba ulithibitisha chuo usiku bila kumwambia baba yako. Ungeweza kulificha jambo hilo nami nisingejua. Kwa kuwa umelisema, nitazungumza nawe kama mtu mzima, maana hata sheria inakuhesabu hivyo tangu ulipotimiza miaka 18.

Kama nimekuelewa, umeniuliza maswali matatu, lakini mimi naona saini nne. Kuna saini yako kwa chuo, saini ya baba yako kwa chuo, saini yako kwa baba kwenye karatasi ya ahadi, na saini ya kaka yako ambayo ingekaa mahali pa saini ya baba. Nyuma ya hizo zote yuko bibi ambaye hajatakiwa kusaini popote, na hata hivyo neno lake ndilo lililokufanya uniandikie. Mambo haya yamekufikia kwa pamoja kama furushi moja, nami naomba tulifungue polepole, kwa sababu nadhani mengine ni mepesi kuliko yanavyoonekana na mengine ni mazito zaidi.

Nianze na fomu yenyewe. Mimi nilisaini fomu ya namna hiyo nikiwa na umri kama wako, nikiwa nimeiweka juu ya paja ndani ya basi, bila kusoma hata mstari mmoja. Wewe umeisoma mpaka unavijua vifungu kwa namba, na umefanya jambo ambalo wengi wetu hatukulifanya. Fomu ya masharti si risiti ya kupokelewa, ni makubaliano kati ya pande mbili. Chuo kinaahidi kukufundisha na kukutahini, nawe unaahidi kulipa, kuhudhuria na kufuata kanuni. Upande mmoja wa makubaliano ukiwa haujaelewa neno, una haki ya kuuliza kabla ya kusaini, na kuuliza huko si ukaidi. Yule aliyekwambia kila mtu anasaini alikueleza wanayoyafanya watu, lakini hakukueleza maana ya kifungu.

Kifungu cha nne cha ada ni kigumu lakini kiko wazi. Kinachokupasa ni kujua tarehe ambayo wiki ya pili inaisha, na kuhakikisha kwamba kabla ya tarehe hiyo umeshapata majibu ya Bodi ya Mikopo, au mmeshakubaliana nyumbani mtafanya nini yasipotoka. Kumbuka pia kwamba ada ya masomo si fedha pekee inayodaiwa wakati wa kusajiliwa. Ipo bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ipo ada ya uthibiti ubora ya shilingi 20,000 inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu, na ipo michango mingine ambayo kila chuo hujiwekea. Hakikisha kila kiasi unakilipa kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina lako, wala usikiweke mkononi mwa mtu.

Kifungu cha sita ningekipima kwa makini zaidi ya ulivyofanya, kwa sababu kwenye sanaa vifaa si nyongeza ndogo. Mwanafunzi wa historia anaweza kuazima kitabu maktaba akakirudisha, lakini rangi ikishapakwa imekwisha. Waandikie idara uwaombe orodha ya vifaa vya mwaka wa kwanza, kisha uliza bei zake madukani kabla hujasafiri. Baba yako ana haki ya kuujua mzigo huo wote kabla hajaweka jina lake kama mdhamini. Kifungu cha saba nacho kiulizie jambo moja tu: iwapo somo litaondolewa, mwanafunzi anapewa nini badala yake? Kama umevutwa na ufinyanzi, halafu karakana ya ufinyanzi ikafungwa kwa kukosa wanafunzi, utataka kuwa umelijua jibu hilo mapema.

Sasa tufike kwenye kifungu cha tisa, na hapa nitasema ninavyoona: kimeandikwa vibaya. Kimeunganisha mambo mawili ambayo sheria zetu huyatenganisha. Chukua mtungi wa bibi yako. Mtu akiununua gulioni Lyulilo siku ya Jumamosi, mtungi ni wake. Anaweza kuutekea maji, kuuweka sebuleni, hata kuuvunja. Lakini kuununua mtungi hakumpi haki ya kuuchukua mchoro wake na kuuchapisha kwenye vitenge elfu moja. Kitu ni kimoja, na haki ya kukinakili ni nyingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hiyo ya pili huzaliwa pamoja na kazi, bila kulazimika kuiandikisha popote, na mwenye nayo kwanza ni yule aliyeibuni. Humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inaweza kuhamia kwa mwingine, lakini uhamisho huo huhitaji maandishi yenye saini.

Umeona sasa kwa nini kalamu yako inagoma? Fomu unayoombwa kuisaini inaweza kabisa kuwa ndiyo maandishi hayo. Inawezekana pia kwamba aliyeiandika hakukusudia hivyo hata kidogo. Vyuo vina sababu za haki za kutaka kubaki na kazi za wanafunzi kwa muda: zisahihishwe, mtahini wa nje azione, nyingine ziingie kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka au kwenye kijitabu cha kuitangaza idara. Hakuna ubaya katika hayo, na msanii kijana hufaidika kazi yake ikionekana. Lakini mambo hayo yote yanaweza kufanyika kwa ruhusa ya kutumia tu, bila chuo kuwa mwenye mali. Na wewe unayelipa ada si mwajiriwa wao, useme kwamba unachokitengeneza ni cha aliyekulipa mshahara.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ninayokuomba uitazame upya ni hii ya kwamba mbele yako kuna njia mbili tu, kusaini au kukataa. Ipo barua. Mwandikie mkuu wa idara, na nakala kwa ofisi ya udahili, ukiuliza kwa adabu maswali machache: kazi zangu nitarudishiwa baada ya kusahihishwa, na baada ya muda gani? Neno "mali" lina maana ya kitu chenyewe au ya hakimiliki pia? Chuo kikiionyesha au kuichapisha kazi yangu, jina langu litatajwa? Kikiiuza, fedha inakwenda wapi? Je, kipo kifungu katika sera ya chuo ya miliki ubunifu kinachoeleza haya kwa kirefu? Omba jibu la maandishi na ulitunze pamoja na nakala ya fomu. Wakikujibu kwamba wanahitaji ruhusa ya kuonyesha tu, uliza kama unaweza kuyaandika maneno hayo kwenye fomu kando ya saini yako. Hatari ya njia hii sitakuficha. Wanaweza kuchelewa kujibu, nawe wiki tatu huna za kuchezea, au wanaweza kukujibu kwamba fomu haibadilishwi hata nukta. Ikifika hapo utakuwa unaamua ukijua unachokitoa, ingawa uamuzi wenyewe hautakuwa rahisi zaidi kwa sababu hiyo.

Upo pia mpaka ambao unaweza kujiwekea mwenyewe. Kifungu kinazungumzia kazi zitakazofanywa kwa ajili ya masomo. Zile ulizozifanya kabla, zilizomo kwenye jalada lako, hazimo. Zipige picha zote sasa, andika tarehe, uziache nyumbani. Ukiwa chuoni unaweza kuamua kwamba mazoezi ya darasani utayafanya kwa mada nyingine, na michoro ya Ikombe ukaiendeleza kwa muda wako na kwa vifaa vyako. Lakini nakuuliza, mwanangu: utaweza? Unakwenda kusomea sanaa kwa sababu ya michoro hiyo, na mwalimu mzuri atakusukuma urudi kwenye kile unachokijua kuliko wenzako. Kukizuia kisiingie darasani kwa miaka mitatu ni mpango unaowezekana kwenye karatasi, nami siamini sana kama mkono wako utautii.

Nije kwa baba. Barua yako inamwonyesha kama mtu anayeidharau sanaa. Huenda ni kweli, wewe ndiye unayeishi naye. Lakini mimi nimeona mtu aliyeuza viazi kabla ya bei yake, kwa lumbesa, ili binti yake aende kusoma jambo asilolielewa. Aliuza kwanza, sharti akaliweka baadaye. Methali aliyoitumia huenda si dharau kwa ufinyanzi, huenda ni huzuni. Amemwona mama mkwe wake akifanya kazi nzuri maisha yake yote na kubaki pale alipo, na anaogopa kukuona wewe huko. Hofu hiyo haijibiwi kwa kumwambia kwamba sanaa ni kipaji. Inaweza kujibiwa kwa kuketi naye na daftari, mkaandika gharama za mwaka wa kwanza upande mmoja na njia za kuzilipa upande wa pili, pamoja na ukweli kuhusu mkopo: ukipewa na ukaja kuajiriwa, utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na aliyejiajiri naye ana wajibu wa kurejesha. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile ya asilimia 6 iliyokuwa ikivimbisha madeni ya ndugu zetu, ilifutwa mwaka 2021, na huenda baba hajasikia.

Ualimu nao usimwache aamini kwamba ni njia isiyo na mashaka. Ajira ya mwalimu serikalini haimfuati mtu kwa kumaliza chuo tu. Nafasi hutangazwa, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Silisemi hili ili kuishusha kazi ambayo imewalea watoto wa nyanda hizi zote. Nalisema kwa sababu mnalinganisha hofu na uhakika, wakati ambapo ukweli ni kwamba mnalinganisha hofu mbili. Wala sanaa na ualimu si maadui. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na fani za sanaa zimepata nafasi humo, hivyo watahitajika watu wa kuzifundisha. Labda ndani ya sharti la baba kuna jambo ambalo wewe mwenyewe ungelipenda, kama lingeletwa kwako kwa sura nyingine.

Lakini ile karatasi ya ahadi inanitia wasiwasi, na wasiwasi wangu ni wa aina mbili. Kwanza ni utaratibu. Kuhama kozi hakutegemei hiari ya mwanafunzi peke yake. Hutegemea kama una sifa za kozi unayoiendea, kama kuna nafasi, kama dirisha la uhamisho liko wazi, na kama chuo unachohamia na Tume wamekubali. Mkopo nao hupangwa kwa kozi uliyosajiliwa, hivyo taarifa zake lazima zihame pamoja nawe. Tena mara nyingi anayehama baada ya mwaka mzima huanza upya mwaka wa kwanza. Baba anadhani karatasi hiyo inamlinda, kumbe inaweza kumfanya alipe mwaka mmoja zaidi. Anahitaji kulijua hilo, na angelipokea vizuri zaidi kutoka kwa mwalimu wako wa zamani au mtu wa ofisi ya udahili kuliko kutoka kwako.

Pili ni wewe. Umeniuliza kama uandike ahadi usiyokusudia kuitimiza. Sitakujibu kwa hukumu, nitakuuliza tu: mwaka mmoja kutoka sasa, ukirudi likizo na baba akaitoa karatasi ile kabatini, ungependa kuwa umekaa upande gani wa meza? Kuna ahadi nyingine ambayo huenda ungeweza kuiandika kwa moyo mweupe. Kwa mfano, kwamba kila mwisho wa muhula utamletea matokeo na hesabu ya matumizi, na kwamba mkimaliza mwaka wa kwanza mtaketi tena, yeye na wewe, kuangalia kama safari inaendelea. Huenda akaikataa. Ikiwa ataikataa, angalau mtakuwa mnajadili jambo la kweli.

Kuhusu kaka yako, nampenda bila kumjua, kwa sababu anataka kukufungulia njia. Kwenye fomu neno ni "mzazi au mlezi", na ndugu mkubwa anayekulipia masomo anaweza kukubalika kama mlezi, mradi chuo kiulizwe na kiambiwe ukweli. Kwa hiyo ugumu hauko kwenye jina lake, uko kwenye maneno "baba ataambiwa baadaye". Tayari kuna jambo moja ambalo baba aliambiwa baadaye. La pili litamfundisha kwamba katika nyumba yake mambo makubwa huamuliwa akiwa shambani. Zaidi ya hapo, udhamini wa ada si saini ya heshima, ni deni linalosubiri. Kaka akipata shida kazini, atadaiwa nani? Kama mtaichagua njia hii, fikirini kama inaweza kufanyika mchana kweupe, kaka akaja Uyole akamwambia baba kwamba nusu ya mzigo ataubeba yeye. Inawezekana hilo likamlegeza mzee kuliko karatasi yoyote.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, nami naitaja kwa sababu si ya aibu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa, inafundisha tangu mwaka 1981 na hutoa astashahada na stashahada, na mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza kuiombea shahada baadaye. Hasara yake ni kwamba ungeiachia nafasi uliyonayo mkononi, na nafasi haina desturi ya kumngoja mtu. Usidhani pia kwamba unaweza kukaa nyumbani mwaka mmoja huku chuo kimekushikia kiti. Kuahirisha masomo kwa kawaida ni kwa aliyekwisha kusajiliwa, na kwa sababu zinazokubalika.

Nimemwacha bibi mwisho kwa makusudi. Wewe umelisikia neno lake kama katazo. Nilipolisoma tena, mimi nilisikia swali, na pia maelezo sahihi kabisa ya jambo ambalo wanasheria huliandika kwa kurasa nyingi: kwamba kuna sanaa ambayo mwenye nayo si mtu, ni jamii. Sheria ile ile ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi kwa sababu hiyo. Bibi alisema hawezi kukupa ruhusa ya kuigawa michoro ile. Hakusema usiichore. Amekuwa akikufundisha kuichora tangu utotoni, na sidhani kwamba alifanya hivyo ili ibaki Ikombe. Huenda anachotaka kujua ni kama huko uendako utasema imetoka wapi, na kama wanawake wale wataulizwa.

Na kuna mtu mmoja ambaye barua yako imemruka. Umeniandikia maneno ya baba, ya bibi, ya kaka, hata ya mtu wa kwenye simu. Ya mama yako hayamo. Ni binti wa mfinyanzi, aliyeacha udongo wa ziwani akaja kuolewa kwenye viazi vya Uporoto. Kama yupo mtu anayejua gharama ya kuondoka Ikombe na michoro ile kichwani, basi ni yeye, naye ndiye pia anayeijua lugha ya baba yako anapokaa kimya siku mbili. Sijui kwa nini hayumo, na huenda una sababu. Lakini ningefurahi kama ungeketi naye jioni moja kabla ya kuiandika hiyo barua ya idara.

Ukipata nauli na muda, mwende wote wawili mpaka Matema, mvuke kwenda Ikombe mkiwa na ile fomu. Mama amsomee bibi kifungu cha tisa kwa Kikisi, neno kwa neno, pamoja na majibu ya chuo kama yatakuwa yamefika, na wale wanawake wengine wa ufinyanzi wakiweza waitwe wasikilize. Kisha nyamaza uwasikilize wao. Watakayoyasema niandikie, nami nitayasoma kwa hamu kubwa.